Madoa Kitandani na Paka Ndani ya Nyumba: Soma Shuka Kabla ya Kulifua

Asubuhi moja niliamka nikakuta madoa matatu kwenye foronya nyeupe. Yalikuwa madogo, kila moja kama punje ya mtama, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na yamezungukwa na duara la mafuta kama lile ambalo kitumbua huacha kwenye karatasi ya gazeti. Lawama ya kwanza ikamwendea mtoto na chokoleti yake. Usiku wa pili yakaja mengine mawili, safari hii upande wa miguuni. Nikasema basi ni kunguni. Nikainua godoro, nikamwagia maji ya moto maungio yote ya kitanda, sikuona hata mmoja. Siku ya tatu ndipo nilipoinama nikanusa: dagaa walioanza kuvunda. Nikageuka. Chausiku, paka wangu mweusi, amejikunja juu ya shuka lilelile, mguu mmoja juu, anajilamba chini ya mkia wala hana habari nami.

Nikamtia kwenye kikapu cha sokoni, nikafunga kanga juu, huyo kwa daktari wa mifugo. Swali la kwanza la daktari halikumhusu paka.

"Dada, shuka lenyewe umekuja nalo?"

"Nimeshalifua, daktari. Na jiki nikatia."

"Basi umefua majibu."

Tangu siku hiyo jirani akinijia na habari ya paka na kitanda, naulizia shuka kwanza. Ndiyo maana nimeyapanga maelezo haya kwa kufuata doa: linaonekanaje, linanuka nini, liko upande gani, halafu ni maradhi gani huacha alama ya namna hiyo. Hayatakufanya daktari. Yatakusaidia kujua lipi linaweza kungoja Jumatatu na lipi halingoji hata adhana ya Alasiri.

Kabla hujagusa sabuni

Piga picha ya doa mchana karibu na dirisha, na uweke sarafu pembeni ili ukubwa wake ujulikane. Kisha linuse. Najua si kazi ya kupendeza, lakini pua itakuambia mengi kuliko jicho: samaki, mkojo, mzoga, au hakuna harufu kabisa. Halafu lowesha kipande cha pamba, kibonyeze juu ya doa, hesabu mpaka 20, ukiinue. Pamba ikitoka na rangi ya kutu au nyekundu, hiyo ni damu, iwe mbichi au iliyokwisha kumeng'enywa tumboni mwa mdudu. Ikitoka njano na inavutika kidogo, fikiria usaha. Ikitoka njano nyepesi kama maji, fikiria mkojo.

Kwa mkojo kuna hila nyingine. Wakala wa pesa wa mtaani kwako huenda ana kile kitaa cha zambarau cha kukagulia noti bandia. Mwombe akuazime usiku mmoja. Zima taa za chumbani, ulimulike godoro: mkojo wa paka, hata uliokauka zamani, unang'aa kwa rangi ya njano inayoelekea kijani. Usishtuke ukiona shuka zima linawaka rangi ya samawati, hiyo ni sabuni ya unga. Unachotafuta ni kiraka chenye mipaka yake.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakina gharama. Tandika shuka jeupe la zamani mahali paka anapopenda kulala, liache siku mbili tatu, na kila ukipita tazama kichwa chake kiko wapi na mkia uko wapi. Paka ana ncha mbili, na kila ncha ina maradhi yake. Ukishajua kwamba doa linatokea chini ya shavu na si chini ya mkia, nusu ya orodha hii huna haja ya kuisoma.

Huenda si paka

Mjusi wa ukutani huangusha kinyesi chembamba cheusi chenye ncha nyeupe. Ukiiona ile ncha nyeupe, kesi imekwisha. Nyumba zenye popo darini hupata matone ya njano yanayonuka vibaya, na ukitazama juu utaona ubao wa dari nao una ramani. Mbu aliyeshiba akilaliwa ndani ya chandarua huacha mchirizi mwekundu, mara nyingi na bawa lake limebaki hapo. Springi za godoro lililochoka hutoa kutu inayopenya mpaka juu, daima mahali palepale. Na kuna hina, ambayo kila baada ya harusi huwatia watu wasiwasi bure.

Kunguni ndiye anayechanganya zaidi, kwa sababu kinyesi chake ni damu kama cha kiroboto. Tofauti ni hii: alama ya kunguni imezama kwenye kitambaa kama nukta ya kalamu ya wino, huwezi kuipangusa, na utaikuta kwa wingi kwenye mishono ya godoro na nyufa za chaga. Uchafu wa kiroboto ni punje zilizo huru. Pitisha kiganja, zinakimbia.

Mwisho, hakikisha paka hajaleta kitoweo chake kitandani. Wangu alipata kuniwekea nusu ya shorewanda miguuni, na damu ile haikuwa ugonjwa wa mtu yeyote isipokuwa wa yule ndege.

Matone ya kahawia yenye mafuta, harufu ya samaki aliyeoza

Hili ndilo lililokuwa letu. Paka ana vifuko viwili vidogo vya tezi, kimoja kila upande wa tundu la haja kubwa, chini kidogo. Ukilifikiria tundu kama uso wa saa ya ukutani, vifuko viko kwenye namba 4 na namba 8 (namba zilizoandikwa, si saa zetu za Kiswahili). Ndani yake mna majimaji ya kahawia yenye harufu kali ambayo paka huyatumia kujitambulisha kwa wenzake. Choo kigumu cha kawaida kikipita, huvikamua vifuko, vikabaki vitupu. Choo kikiwa laini kwa majuma kadhaa, ukamuaji ule haupo. Majimaji yanaganda, mrija unaziba, na paka akilala akalegea, matone yanavuja yenyewe.

Dalili zinazoandamana na doa: kujilamba chini ya mkia bila kuchoka, kuburuta matako sakafuni, kugeuka ghafla na kuuma ukigusa kiuno. Paka mnene yuko hatarini zaidi, kwa kuwa hata kujisafisha hafiki vizuri.

Kwa Chausiku sababu ilikuwa mimi. Kila asubuhi nilikuwa nammiminia maziwa ya ng'ombe kidogo nikichemsha chai, nikijua ni mapenzi. Paka wengi wakishakua hawayasagi vizuri maziwa, na choo chao kinakuwa uji. Daktari alivikamua vifuko vyote viwili kwa kidole kilichovaa glovu. Kimoja kilitoa majimaji, kingine kikatoa kitu kizito kama siagi ya karanga, na chumba kizima kikanuka soko la samaki saa kumi jioni. Maziwa yakakoma, dawa ya minyoo ikatolewa, na ndani ya wiki mbili shuka likawa safi.

Usijaribu kukamua mwenyewe. Utamuumiza, naye atakuumiza, na kifuko kilichokwisha kuvimba kinaweza kupasukia ndani. Ukiona uvimbe mwekundu upande mmoja wa tundu, au tayari kuna kidonda kinachotoa usaha wenye damu, hilo ni jipu la tezi na linahitaji daktari siku hiyo au kesho yake.

Tahadhari moja: paka aliyeshtuka sana, kwa radi au fataki za sikukuu, anaweza kumwaga majimaji yale mara moja na kuendelea na maisha yake. Doa moja la usiku wa radi lisikutoe mbio.

Punje nyeusi kama pilipili manga, zikilowa zinageuka kutu

Viroboto. Punje zile ni kinyesi chao, yaani damu ya paka iliyokauka. Ukilalia shuka lenye punje hizo huku una jasho, na pwani nani hana jasho, zinayeyuka na kuacha michirizi ya kutu ambayo watu huifikiria damu yao wenyewe. Chana paka kwa kitana cha chawa juu ya karatasi nyeupe, hasa kiunoni karibu na mkia na shingoni, kisha nyunyizia karatasi maji. Ikitoka rangi nyekundu, umepata jawabu hata kama hukumwona kiroboto mwenyewe.

Kosa la kawaida ni kumtibu paka tu. Kiroboto jike hutaga mayai kwa makumi kila siku, na mayai hayanati kwenye manyoya bali huanguka: kwenye shuka, mkeka, nyufa za sakafu. Bundo lake, yaani kiroboto mchanga aliye bado ndani ya kifuko chake, linaweza kukaa majuma mengi likingoja mnyama apite. Kwa hiyo tibu paka na mbwa wote wa nyumba kwa siku moja, fua matandiko yote kwa maji ya moto, anika juani, fagia mpaka chini ya kitanda, na urudie dawa kwa tarehe daktari aliyokupa hata kama huoni mdudu. Kwa kitoto cha paka jambo hili si la kuchekea. Inua mdomo wake utazame fizi. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, damu imenyonywa nyingi, mpeleke leo.

Ama hizo punje zikiwa nyeupe au njano, kama mchele zikiwa mbichi na kama ufuta zikikauka, basi ni vipande vya tegu. Wakati mwingine utaona kimoja kinajinyoosha polepole juu ya shuka, jambo linalowatoa watu kitandani kuliko king'ora. Paka humpata tegu huyu kwa kumeza kiroboto anapojilamba, kwa hiyo ukimpa dawa ya minyoo bila kuondoa viroboto utarudi palepale. Dawa yenyewe ni prazikwanteli, ileile ambayo watoto wa shule hupewa kwa kichocho, lakini kipimo cha paka kinakwenda kwa uzito wake na hukiweki kwa kukisia.

Kiraka cha njano, au waridi

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo paka wengi wanapopotea.

Kwanza tuondoe fikra ya kisirani. Watu husema paka amekojoa kitandani "kunikomoa" kwa sababu nilisafiri. Paka anayekojoa kitandani mara nyingi anaumwa njia ya mkojo. Kila akienda kwenye sanduku lake la mchanga anasikia moto, mwisho anaamini mchanga ndio unaomuunguza, anatafuta mahali laini. Kitanda chako ni laini na kina harufu yako.

Doa dogodogo, matone mengi, rangi ya waridi au njano yenye nyuzi nyekundu: kibofu kimewaka. Kwa paka asiye mzee mara nyingi hata bakteria hawamo. Kibofu huvimba kwa bughudha, kama vile kuhama nyumba, mgeni aliyekaa mwezi, paka mwingine dirishani. Mara nyingine ni chembe za mawe. Atakuwa anakwenda kuchuchumaa mara kwa mara, anatoa tone, anajilamba, anarudi. Apimwe mkojo. Nyumbani msaidie kunywa maji zaidi: mabakuli mawili matatu sehemu tofauti, na supu ya samaki au kuku isiyo na chumvi wala kitunguu juu ya chakula chake. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, kinaharibu damu ya paka.

Sasa sikiliza hili. Ikiwa paka ni dume, amehasiwa au la, na anachuchumaa, analia, anakaza, halafu shuka na mchanga vyote ni vikavu au vina tone moja tu, mrija wake umeziba. Mrija wa dume ni mwembamba sana, na chembe au ute kidogo tu unautosha. Wenye paka hudhani amefunga choo, wanampa mafuta ya kula, wanangoja kesho. Kesho yake sumu ya mkojo imeshapanda, anatapika, amelala kwenye sakafu ya baridi. Moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Chini ya tumbo kuna kitu kigumu cha mviringo kama ndimu kubwa. Usikiminye. Mbebe uende, hata kama ni usiku na hata kama ni sikukuu, ukapige simu njiani. Atawekewa mpira wa mkojo chini ya nusukaputi, na akiwahiwa hupona vizuri.

Kiraka kikubwa, maji tu, rangi haionekani vizuri na harufu haba, paka amelala tu wala hakuchuchumaa: hapo ni mkojo mwingi kupita kiasi. Angalia bakuli la maji linaisha mara ngapi. Kwa paka mzee, figo ndizo za kwanza kufikiriwa. Kwa paka mnene wa makamo anayekula sana na bado anakonda, fikiria kisukari. Sisimizi wakijipanga kwenye doa lile, mpeleke akapimwe sukari, ingawa sisimizi peke yao si ushahidi, maana wao hufuata mengi. Ukimwona anatembea amelaza visigino vya nyuma chini, badala ya kusimama kwenye vidole kama paka wote, usichelewe.

Na doa la mkojo likiwa ukutani au ubavuni mwa kitanda, limepuliziwa kwa kwenda juu, hiyo mara nyingi ni alama ya dume anayeweka mipaka. Ahasiwe.

Usaha wa njano au kijani, harufu ya mzoga

Rudisha kumbukumbu siku tatu nne nyuma: je, usiku kulikuwa na vita vya paka juu ya bati? Jino la paka ni jembamba kama sindano. Linaingia na kupanda bakteria chini ya ngozi, na kitundu kinafunga siku hiyohiyo. Unachoona wewe ni paka aliyenyong'onyea, hali, moto ukimshika masikio. Halafu jipu linapasuka usingizini, unaamka na shuka limeloa kitu kizito, na paka, ajabu, ana nafuu na anataka chakula. Tafuta kitundu kichwani, miguu ya mbele na kwenye shina la mkia. Tenganisha manyoya kwa vidole, kwani yamegandamana yanaficha.

Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa hadi vuguvugu oshea kidonda kwa kitambaa safi mara mbili tatu kwa siku. Lengo ni kukiacha wazi kitoe kilichobaki, kwa hiyo usikifunge na usikikamue. Antibayotiki aandike daktari. Mabaki ya kabati lako si ya paka. Paka akipigana kila mara, mwombe daktari ampime virusi vile watu wanavyoviita ukimwi wa paka. Hupita kwa kuumana, na mtu hapati.

Doa liko upande wa kichwa

Chenga nyeusi kama machicha ya kahawa kwenye foronya, na paka anajikuna nyuma ya sikio mpaka mguu unapiga ngoma sakafuni: utitiri wa masikio. Unaambukiza paka wote wa nyumba, unatibika kirahisi, na hauhitaji vijiti vya pamba, ambavyo vinausukuma uchafu ndani zaidi. Sikio likivimba kama andazi baada ya kujikuna sana, damu imejikusanya ndani, apelekwe.

Paka mweupe, au mwenye masikio meupe, anayeacha vitone vya damu kila akitikisa kichwa: tazama ncha za masikio na pua. Jua letu ni kali, na ngozi ile haina rangi ya kuikinga. Kigaga kinachopona na kurudi, kinapona na kurudi, kwa paka mweupe kichukuliwe kuwa saratani ya ngozi mpaka daktari aseme sivyo. Ikiwahiwa, hukatwa ncha ya sikio na mambo yakaisha.

Mate. Paka anayekanda blanketi kwa furaha huweza kudondosha mate safi yasiyo na harufu, hayo mwachie. Mate ya kahawia au yenye damu, yanayonuka, na paka anakaa mbele ya sahani anaitazama bila kula: kinywa kinauma, fizi au meno. Ikiwa yameanza ghafla na anajipapasa mdomo kwa mkono, huenda ni mwiba wa samaki umekwama kaakaani. Kwa nyumba ya fundi cherehani, tazama chini ya ulimi kama kuna uzi. Ukiuona usiuvute hata kidogo, ncha nyingine huenda iko kwenye utumbo, na kuuvuta ni kuupasua.

Lakini mate mengi pamoja na tabia iliyogeuka, paka mpole amekuwa mkali au mkali amekuwa mlegevu, hawezi kumeza, na hana chanjo: usifungue mdomo wake kabisa. Kichaa cha mbwa kinampata paka pia. Mfungie chumbani, mwite daktari wa mifugo, na kama amekuuma au kukukwaruza osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo ukaombe chanjo.

Doa jepesi lenye mafuta pale kidevu kinapolala, na kidevuni vichunusi vyeusi, ni jambo dogo. Badilisha bakuli la plastiki uweke la chuma cha pua au udongo uliong'arishwa, uoshe kila siku.

Paka jike ambaye hajafungwa kizazi

Mbwa jike akishika joto, yaani akiwa anataka dume, hutoa damu. Paka jike hatoi damu ya kuonekana. Kwa hiyo doa jekundu, la kahawia au la usaha kutoka chini ya mkia wa paka jike mzima si "siku zake". Ikiwa alikuwa na mimba, huenda inatoka. Ikiwa alikuwa kwenye joto majuma machache nyuma, na sasa anakunywa maji mengi, amenyong'onyea na tumbo limejaa, kizazi kinaweza kuwa kimejaa usaha, na hilo ni upasuaji wa siku hiyo. Hatari ni kubwa zaidi kwa paka waliowahi kupewa sindano au vidonge vya kuzuia joto. Linalowapotosha watu ni usafi wa paka: anajilamba mchana kutwa na chini ya mkia pakavu, ila usiku amelala fofofo, shuka ndilo linalosema.

Aliyezaa karibuni huweza kutoa uchafu kidogo wa kahawia nyekundu kwa majuma mawili matatu. Ukinuka, au akiwakataa watoto, si kawaida tena.

Vya kabatini vinavyoua

Sehemu hii ningeiandika kwa wino mwekundu. Parasetamoli, hata kidonge kimoja, inamuua paka. Ini lake haliwezi kuivunja. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki pia ziache. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na zile za viroboto vya mbwa zenye permethrini au sipamethrini zinamletea paka mtetemeko na degedege. Ikiwa umeshampaka, muoshe mara moja kwa maji vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, umkimbize kwa daktari na chupa mkononi. Ile dawa nyeupe ya upele ya benzili benzoeti ni sumu kwake. Hata dawa ya kuua vijidudu inayogeuka maziwa ukiichanganya na maji isitumike kuoshea kidonda chake, maana atailamba yote.

Sasa fua

Ukishapiga picha na kuweka kipande cha ushahidi kwenye mfuko wa plastiki, endelea. Damu na usaha: maji ya baridi kwanza, maana ya moto yanaipika damu ikashika kitambaa. Mafuta ya tezi: sabuni ya vyombo, sugua, acha robo saa, kisha maji ya moto. Mkojo: suuza kwa maji mengi, kisha maji yenye siki kidogo, kisha sabuni ya unga yenye vimeng'enya na jua la mchana. Jiki iache kando mpaka mkojo wote umetoka, kwa sababu jiki ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma kifua, nayo si nzuri kwako wala kwa paka. Kwa wanaosali juu ya shuka au kwa nguo hizo, mate ya paka hayana neno, bali damu, usaha na mkojo ni najisi, nguo itwaharishwe.

Godoro la sponji ndilo gumu. Mkojo unashuka chini kama maji kwenye mchanga, juu pakikauka unadhani umeisha, siku ya unyevu harufu inarudi, na paka akiisikia anarudi palepale kukojoa. Mimina maji ya siki mpaka yafike kina kilekile mkojo ulipofika, kandamiza kwa taulo kavu ukisimama juu yake kwa miguu, rudia mara tatu, simamisha godoro juani kutwa nzima. Usiku mulika tena kwa kile kitaa cha zambarau kabla hujakirudisha kwa wakala.